Namna ya Kupanga Masomo ya Majuma ya Kuelekea Sikukuu katika Shule ya Msingi

Majuma mawili au matatu ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya sikukuu ndiyo yanayopotea kwa urahisi zaidi katika muhula mzima. Mitihani imekwisha au inakaribia kwisha, mwalimu ana rundo la karatasi za kusahihisha na ripoti za kujaza, na watoto akili zao zimekwishatangulia nyumbani. Walimu wengine huendelea na kitabu cha kiada kana kwamba hakuna kinachotokea, wakaishia kufundisha peke yao. Wengine hugeuza darasa kuwa karakana ya mapambo, na mtoto akarudi kwao na pambo zuri ambalo halikumwongezea maarifa yoyote. Mwongozo huu unafuata njia tofauti, yaani kutumia hamu ya watoto ya sikukuu kubeba umahiri uliobaki kwenye azimio la kazi (mpango wa mada za kufundishwa). Mifano yake inawalenga zaidi wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita, na mwalimu wa madarasa ya chini ataipunguza ugumu kadiri anavyowajua wanafunzi wake.

Hatua ya 1: Hesabu vipindi ulivyonavyo kweli

Chukua kalenda ya shule, weka alama kwenye siku ya kufunga, kisha hesabu kwa kurudi nyuma. Ondoa siku za mitihani, siku za mazoezi ya sherehe ya kufunga shule, siku ya wazazi kuchukua ripoti, na siku ya mwisho yenyewe, ambayo kwa kawaida haina kipindi hata kimoja kilicho kamili. Tuseme una majuma matatu yenye siku 15 za shule na kipindi kimoja cha Hisabati kila siku. Ukiondoa siku 4 za mitihani, siku 2 za mazoezi na siku 1 ya kufunga, unabakiwa na vipindi 8, si 15. Panga 6 na uache 2 viwe akiba, kwa sababu katika majuma haya tangazo la ghafla la mkutano wa shule nzima ni jambo la kawaida kuliko kutokuwapo kwake.

Hatua ya 2: Anza na azimio la kazi

Orodhesha kwanza yale ambayo muhtasari ulitaka yafundishwe na hayakufundishwa, kisha yale yaliyofundishwa lakini matokeo ya majaribio yanaonyesha kuwa hayakuelewekaː kwa mfano kusoma pembe kwa kipimapembe, kugawanya kwa baki, au kuandika barua yenye sehemu zake zote. Orodha hii ya pili ndiyo yenye faida zaidi kwa kipindi hiki. Mada mpya iliyo ngumu, kama kugawanya sehemu kwa sehemu, ni heri ikasubiri muhula ujao kuliko kuanzishwa siku nne kabla ya likizo na kusahaulika kabla haijakaa.

Baada ya hapo ndipo utafute shughuli ya sikukuu inayoweza kubeba kila umahiri. Kipimo ni swali moja: nikiondoa sikukuu kwenye kipindi hiki, je, kuna somo linalobaki? Kama halipo, hiyo ni burudani, na burudani ina nafasi yake kwenye ratiba, ila isiandikwe kwenye andalio la somo kwa jina la Hisabati.

Chukua mfano wa nyota ya karatasi. Kumpa mtoto wa darasa la sita picha ya nyota aipake rangi ni kumpotezea dakika 40. Mpe badala yake bikari, rula na kipimapembe. Achore duara, agawanye nyuzi 360 kwa 5 apate nyuzi 72, apime pembe hizo kuzunguka kitovu na kuweka alama tano kwenye mzingo, kisha aunganishe kila alama na ile iliyo ya pili kutoka kwake, akiruka moja katikati. Akimaliza, apime ncha zote tano na kuzijumlisha. Kila ncha inatakiwa iwe na nyuzi 36, na jumla iwe 180. Wachache watapata 180 kamili; wengi watapita kidogo au watapungukiwa kidogo, na mazungumzo ya kwa nini wametofautiana, kuanzia penseli butu hadi kipimapembe kisichokaa sawasawa juu ya kitovu, ndiyo somo lenyewe. Yule aliyesoma safu isiyo yake kwenye kipimapembe atakuwa ameweka nyuzi 108 badala ya 72, na atakapofika alama ya tano atajikuta ameshapita pale alipoanzia. Usimwambie kosa lake. Mwulize 108 mara 5 ni ngapi, umwache alinganishe na 360 mwenyewe. Nyota hiyo ikikatwa na kutundikwa ukutani itapamba darasa vilevile.

Hatua ya 3: Amua sikukuu zipi, na kwa lugha gani

Katika darasa moja kuna mtoto anayesubiri sikukuu kwa kuhesabu siku, kuna ambaye familia yake haiadhimishi sikukuu hiyo kabisa, na kuna ambaye nyumbani kwao msimu huu ni mzito kwa sababu ya msiba, kutengana kwa wazazi au ukata. Mwalimu hahitaji kuwajua wote kwa undani ili apange vizuri. Anahitaji kupanga kana kwamba wote wamo.

Kuna tofauti kati ya kufundisha kuhusu sikukuu na kuiadhimisha darasani, na tofauti hiyo huonekana kwanza kwenye sentensi za mwalimu. Sentensi kama "Wakristo huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu" au "Waislamu husherehekea Idi-el-Fitri wanapomaliza mfungo wa Ramadhani" inataja mwenye jambo na inaweza kusemwa mbele ya mtoto yeyote. "Sisi sote tunamshangilia..." inamtoa nje mtoto asiyehusika, hata kama mwalimu hakukusudia hivyo. Shule za dini zina utaratibu wake na hazifungwi na tahadhari hii kwa kiasi kilekile. Kwingine kokote, usimsimamishe mtoto mmoja awe msemaji wa dini yake. Mtoto wa miaka tisa anajua yanayofanyika nyumbani kwao, hajui kwa nini, na ataona aibu akikosea mbele ya wenzake.

Ziepuke pia ziara za haraka za sikukuu tano katika siku tano. Watoto hutoka humo wakikumbuka rangi na mishumaa tu, tena wakiichanganya. Ni afadhali kuchagua swali moja linalopita katika sikukuu kadhaa, kama lile la kalenda lililo katika hatua inayofuata, au kuchagua sikukuu moja isiyofahamika sana na kuichunguza vizuri. Kwanzaa inafaa kwa somo la Uraia au Maarifa ya Jamii. Ilianzishwa na Maulana Karenga nchini Marekani mwaka 1966, huadhimishwa na Wamarekani wenye asili ya Afrika kwa siku saba, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na misingi yake saba ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wanafunzi wanaoongea Kiswahili wanaweza kueleza kila msingi kwa mfano wao wenyewe bila kufasiriwa, na hapo mwalimu ataona haraka nani anaelewa tofauti kati ya ujima na ujamaa na nani anakisia.

Kabla ya kuanza, mwonyeshe mwalimu mkuu mpango wako na uwaandikie wazazi ujumbe mfupi unaotaja shughuli, umahiri unaolengwa na tarehe. Mzazi akiomba mtoto wake asishiriki shughuli fulani, mpe mtoto kazi nyingine yenye umahiri uleule na uzito uleule, aifanye akiwa amekaa na wenzake. Kumtoa akae nje ya mlango au kumpa vitabu avipange kabatini ni kumwadhibu kwa imani ya nyumbani kwao.

Hatua ya 4: Jenga mfululizo mmoja wa vipindi kuzunguka swali moja

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hapa ndipo mwalimu anapopaswa kutumia muda wake mwingi wa maandalizi. Shughuli kumi zisizohusiana zinahitaji maandalizi kumi, vifaa vya aina kumi na maelekezo kumi mapya kwa watoto waliokwisha kuchangamka kupita kiasi. Swali moja linaloendelea kwa vipindi vitatu au vinne linawatuliza, kwa sababu wakiingia darasani wanajua wako wapi.

Swali ninalolipendekeza ni hili: kwa nini Krismasi huwa tarehe 25 Desemba kila mwaka, ilhali Idi-el-Fitri huhama? Andika ubaoni tarehe za Idi kwa miaka mitatu: Aprili 21 au 22 mwaka 2023, takriban Aprili 10 mwaka 2024, na Machi 30 au 31 mwaka 2025. Waache watoto watafute wenyewe mwenendo wake. Watagundua kwamba kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi. Wengine watauliza kwa nini kuna neno "au", na jibu lake ni kwamba siku yenyewe hutegemea kuandama kwa mwezi, na si kila mahali mwezi huonekana au kutangazwa usiku mmoja.

Kipindi cha kwanza kitafute chanzo cha hiyo 11. Mwezi huchukua takriban siku 29 na nusu kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa hakuna mwezi wa kalenda wenye nusu siku, miezi ya Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Wanafunzi wafanye hesabu ya miezi sita yenye siku 29, ambayo ni 174, na miezi sita yenye siku 30, ambayo ni 180. Jumla ni 354. Watoe 354 kutoka 365, wapate 11. Ni vizuri wafanye pia 29.5 mara 12 kwa njia ya desimali na kuona kwamba inatoa jibu lilelile, kwa sababu watoto wengi hawaamini desimali mpaka waikute ikikubaliana na namba nzima. Mwaka wa Kiislamu hupata siku ya 355 mara kwa mara, kwa kuwa mwandamo unazidi kidogo siku 29 na nusu. Jambo hili liweke kando kwa mwanafunzi atakayeuliza.

Kipindi cha pili kigeukie kugawanya kwa baki. Ikiwa Idi inarudi nyuma siku 11 kila mwaka, itachukua miaka mingapi kuzunguka mwaka mzima na kurejea ilipokuwa? 365 gawanya kwa 11 ni 33 na baki 2. Baki hilo ni la thamani kuliko jibu, kwa hiyo uliza maana yake: ni siku mbili ambazo hazikutosha kufanya mwaka mwingine, maana yake mzunguko haufungi sawasawa. Kisha wapime jibu lao. Mwaka 2000 Idi-el-Fitri iliangukia mwisho wa Desemba. Ongeza 33, na kwa hesabu hii itakuwa tena mwishoni mwa Desemba mwaka 2033. Waambie wakokotoe umri wao wakati huo. Darasa likifika hapo hupiga kelele, na ni kelele za halali.

Kipindi cha tatu kilete kalenda nyingine mbili. Kalenda ya Kiyahudi nayo hufuata mwezi, lakini huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi yenye siku nane, husogea huku na huku lakini daima hubaki karibu na Novemba na Desemba. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja wa siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Wanafunzi wathibitishe kwamba 12 mara 30 ukiongeza 5 ni 365. Kwa wanaoweza kwenda mbele zaidi, waeleze kwamba Kanisa la Othodoksi la Urusi hufuata kalenda ya Julius, ambayo kwa sasa iko nyuma ya kalenda ya Gregori ya mwaka 1582, ile tunayoitumia, kwa siku 13, kisha uwaulize Desemba 25 ya kalenda hiyo inaangukia tarehe gani katika kalenda yetu. 25 na 13 ni 38; ukitoa siku 31 za Desemba, unapata Januari 7. Watakaojibu "Desemba 38" wapo, na wanastahili kusikilizwa: hesabu yao ni sahihi, kilichobaki ni kubadili kipimo.

Ukiwa na kipindi cha Sayansi, funga madirisha, washa tochi moja upande mmoja wa chumba, na umpe kila mtoto mpira mdogo mweupe aushike mbele yake juu kidogo ya kichwa huku akijizungusha polepole. Ataona sehemu ya mpira inayomulikwa ikikua kutoka ukingo mwembamba hadi mzima na kupungua tena. Dakika kumi zinatosha. Kichwa cha mtoto ndicho dunia, jambo ambalo lazima ulitamke wazi, la sivyo nusu ya darasa itadhani dunia ni tochi.

Hatua ya 5: Lipe somo la lugha msomaji wa kweli

Kadi za salamu ndizo shughuli ya sikukuu inayopendwa zaidi na inayofundisha kidogo zaidi, kwa kuwa mtoto hunakili maneno ya ubaoni na kutumia muda uliobaki kuchora maua. Badili msomaji, na kazi yote itabadilika. Mwambie kila mwanafunzi aandike barua fupi ya shukrani kwa mtu mzima wa pale shuleni ambaye si mwalimu wake: mlinzi, mpishi, karani, mfagizi, mkutubi. Sharti moja lisiloondolewa ni kwamba barua itaje jambo moja ambalo mwandishi aliliona kwa macho yake. "Nakushukuru kwa kazi yako nzuri" irudishwe kwa mwandishi. "Siku ile ya mvua ulitufungulia lango la nyuma ili tusipite kwenye matope" ipite.

Sarufi nayo ipewe nafasi yake humo humo. Barua iwe na tarehe, salamu, kiini na hitimisho, iwe na angalau kitenzi kimoja cha wakati uliopita, kimoja cha wakati uliopo na kimoja cha wakati ujao, na sentensi moja yenye -ki- ya masharti, kama "Tukirudi muhula ujao, nitakusaidia kupanga vitabu." Rasimu iandikwe siku moja, isahihishwe na jirani siku ya pili, na nakala safi iandikwe siku ya tatu. Barua zifike kweli mikononi mwa waliokusudiwa, na kabla hazijaenda hakikisha kwamba hakuna mfanyakazi aliyeachwa. Palipo na pengo, waombe wanafunzi wenye mwandiko mwepesi waandike ya pili.

Katika mada za insha na mazungumzo, ondoa maswali mawili yaliyozoeleka: utapata zawadi gani, na utasafiri kwenda wapi. Yanawapa nafasi watoto wachache na kuwalazimisha wengine watunge uongo. Swali kama "Ni nani nyumbani kwenu anayejua kufanya kitu ambacho wewe hukijui, na utamwomba akufundishe vipi?" linajibika na kila mtu.

Hatua ya 6: Panga siku kufuatana na nguvu za watoto

Kazi inayohitaji utulivu iwekwe asubuhi, na ya mikono baada ya mapumziko ya mchana. Usifute desturi za kila siku, kama kuitwa majina, kusoma kimya na kufuta ubao, kwa kisingizio kwamba ni majuma ya mwisho. Hizo ndizo zinazolishikilia darasa. Maelekezo yawe ya hatua tatu kwa wakati mmoja, si saba.

Kuhusu vifaa, hesabu mikasi kabla na baada, na uandike idadi pembeni mwa ubao ili darasa zima liione. Kazi ya gundi ifanyike kabla ya mapumziko ili ikauke watoto wakiwa nje; ikifanywa kipindi cha mwisho, itabandikana ndani ya mikoba. Kwa kadi na mabango, upande wa nyuma wa karatasi zilizotumika unatosha, na hakuna haja ya kuwaagiza wazazi vifaa vya kununua.

Hatua ya 7: Kazi ya likizo, na kipindi cha kwanza cha kurudi

Kitita cha kurasa thelathini za mazoezi hufanywa na wazazi, au hufanywa chote usiku wa mwisho. Toa kazi moja inayotokana na mliyosoma. Kwa darasa lililosoma kalenda, kila mwanafunzi apewe karatasi yenye miraba ya siku zote za likizo, na kila jioni achore umbo la mwezi alioliona na saa aliyolitazama. Kukiwa na mawingu aandike "mawingu". Watahadharishe mapema kwamba baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 zaidi kila siku, kwa hiyo mraba wa jioni utakuwa mtupu, na watahitaji kutazama angani asubuhi. Asiyetahadharishwa ataandika "hakuna mwezi" kwa juma zima na kudhani amefanya makosa.

Shule ikifunguliwa, kipindi cha kwanza tayari unacho. Waweke katika makundi ya watu wanne, walinganishe karatasi zao, wakubaliane ni usiku gani mwezi ulikuwa mzima, na wahesabu siku kutoka hapo hadi ulipoonekana tena mwembamba upande wa magharibi. Waliosahau au kupoteza karatasi zao wasiadhibiwe. Wagawe kwenye makundi wawe waamuzi, wasome kumbukumbu za wenzao na kuamua ipi inaaminika pale mbili zinapopingana.